Joseph Whitworth, Fundi Aliyezipatanisha Skrubu

Wanachama wenzangu, wengi wetu tukiandika habari za watu maarufu huwachagua wafalme, marais na wanajeshi. Mimi nimemchagua fundi, tena fundi wa skrubu. Msinicheke kwanza.

Joseph Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 mjini Stockport, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kwa jamaa yao mwenye kiwanda cha pamba. Biashara ya pamba haikumvutia hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mitambo tu. Basi akatoroka, akaenda Manchester kufanya kazi ya ufundi. Mwaka wa 1825 akahamia London kwa Henry Maudslay, bingwa wa mashine za kukereza chuma. Mwaka wa 1833 akarudi Manchester, akafungua karakana yake mwenyewe.

Siku hizo kila karakana ilikata skrubu kwa vipimo vyake. Ukipoteza moja, sharti umrudie aliyeitengeneza mashine. Na je, akiwa ameshakufa? Whitworth alikusanya skrubu za karakana nyingi, akazipima na kutafuta wastani. Mwaka wa 1841 akatangaza kipimo kimoja: meno yawe na pembe ya digrii 55, na kila unene uwe na idadi yake ya meno. Skrubu ya robo inchi, kwa mfano, ilipewa meno 20 katika kila inchi. Makampuni ya reli yalikubali, na viwanda vingine vikafuata.

Mwaka wa 1854 serikali ilimwomba asaidie mambo ya bunduki. Akatengeneza bunduki ambayo tundu la mtutu wake lilikuwa na pande sita. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria aliifyatua huko Wimbledon, ikiwa imefungwa kwenye kiegemeo. Risasi ilikwenda yadi 400 ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Lo! Hata hivyo jeshi liliikataa. Ilikuwa ghali, na mtutu wake mwembamba uliziba upesi kwa masizi ya baruti.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wengi wa bunduki waliendelea kukata skrubu kwa vipimo vyao wenyewe. Haya niliyaona hapa Kitengela kwa baba mdogo, ambaye hukereza chuma. Mzee mmoja kutoka Kajiado, mwenye leseni ya bunduki, alileta skrubu iliyokatika. Ilikuwa moja ya zile mbili zinazoshika chuma cha Mauser kwenye mti wake. Ikikosekana, chuma hucheza na risasi huenda upogo. Baba mdogo alijaribu nati ya robo inchi. Ikaingia kidogo, ikakwama. Akahesabu meno: 22 kwa inchi, si 20 ya Whitworth. Alimwonya mzee asilazimishe bolti ya trekta, kwani ingekula meno ya ndani ya bunduki. Kuikata mpya angeweza, lakini sheria hairuhusu asiye na leseni kufanya biashara ya kutengeneza silaha. Ikabidi mzee aende Nairobi kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Alinung'unika sana: nauli yote hiyo kwa kichuma kifupi kuliko kidole! Kumbe ndiyo shida waliyokuwa nayo watu wote kabla ya mwaka wa 1841.

Mwaka wa 1868 Whitworth alianzisha ufadhili wa masomo kwa mafundi vijana, na hadi leo bado unatolewa. Alifariki tarehe 22 Januari 1887 huko Monte Carlo, akiwa na miaka 83. Hakuacha mtoto, sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwenye elimu na hospitali za Manchester.

Siku hizi bolti nyingi madukani ni za milimita, lakini wazo ni lile lile. Ukinunua nati Kitengela ikaingia bila ubishi kwenye bolti iliyotoka ng'ambo, jua kuna mtu aliyekaa akahesabu meno kwa niaba yako.