Lu Yu, mtoto wa kuokotwa aliyefundisha Wachina kupika chai

Watu wengi wanaokunywa chai ya kijani hawajapata kusikia jina la Lu Yu. Huko China jina hilo linajulikana tangu zaidi ya miaka 1200. Ndiye aliyeandika kitabu cha kwanza kinachofuata chai tangu mti shambani hadi bakuli mkononi. Na ndiye aliyeshikilia, mbele ya wakubwa na wadogo, kwamba utamu wa chai unatoka kwenye maji, moto na uangalifu wa mpikaji, si kwenye vitu vinavyotupwa ndani ya sufuria.

Alizaliwa karibu mwaka wa 733, wakati China ilipotawaliwa na ukoo wa Tang, katika mji wa Jingling, ambao leo unaitwa Tianmen, jimbo la Hubei. Wazazi wake hawajulikani. Alikuwa na umri wa miaka kama mitatu wakati Zhiji, mtawa wa Kibudha na mkubwa wa monasteri ya Longgai, alipomchukua ili amlee. Inasimuliwa kwamba alimwokota kando ya ziwa. Inasimuliwa pia kwamba jina lake lilitafutwa katika kitabu cha kale cha kupigia ramli, kwenye alama inayozungumzia bata wa porini anayekaribia nchi kavu. Lu maana yake ni nchi kavu, na Yu maana yake ni unyoya.

Watawa wa wakati ule walikunywa chai ili usingizi usiwashike wakati wa kutafakari. Ndivyo Lu Yu alivyokua karibu na moto wa chai.

Alipofika miaka tisa, shida ilianza. Zhiji alitaka kijana afuate dini yake. Lu Yu alikataa. Alitaka kusoma mafundisho ya Confucius, kwa sababu aliona kwamba mtu asiye na ndugu, akiwa mtawa na kufa bila mtoto, hatakuwa ametimiza wajibu wake kwa wazazi. Mzee na mtoto hawakusikilizana. Ili kumtuliza, mtawa alimpa kazi ngumu: kufagia uwanja, kusafisha vyoo, kukanyaga udongo wa kujengea ukuta, kubeba vigae na kuchunga ng'ombe 30.

Hakuwa na karatasi. Alijifunza kuandika kwa kuchora herufi na kijiti cha mwanzi juu ya mgongo wa ng'ombe. Siku moja alipata shairi refu ambalo hakuweza kulisoma. Alilifungua mbele yake, akaketi kama wanafunzi, akawa anachezesha midomo tu. Baadaye alipewa msimamizi wa kumchunga. Huyo, alipomkuta amesimama akiwaza badala ya kufanya kazi, alimchapa mgongoni hadi fimbo ikavunjika.

Kijana akatoroka. Alijiunga na kundi la wachezaji wa michezo ya kuchekesha, akawa anaigiza na kuwaandikia vichekesho. Wakati huo hakuna aliyeona ndani yake mtu mkubwa. Hakuwa na sura ya kupendeza, tena alikuwa na kigugumizi, na yeye mwenyewe aliyaandika hayo bila kuficha alipokuwa mtu mzima. Zhiji alimfuata. Badala ya kumrudisha kwa nguvu, alimruhusu asome kile ambacho moyo wake unataka. Mgogoro wa miaka mingi uliisha hivyo.

Mwaka wa 746 kulikuwa na sherehe kubwa Jingling, na Lu Yu aliwekwa kuongoza wachezaji. Liwali mpya, Li Qiwu, alimwona, akamshika mkono, akampa vitabu na kumwelekeza kwa mwalimu mlimani. Mwaka wa 752 akaja mkubwa mwingine, Cui Guofu, mtunzi wa mashairi aliyekuwa ameshushwa cheo. Kwa miaka mitatu walitembea pamoja, wakazungumza na kuonja chai na maji ya mahali mbalimbali. Walipoachana, Cui alimpa zawadi ya punda mweupe, ng'ombe mmoja na sanduku la vitabu.

Kisha vita vikaja. Mwishoni mwa mwaka wa 755, jemadari An Lushan aliasi serikali, na kaskazini mwa China kukawaka moto. Maelfu ya watu walikimbilia kusini, wakivuka mto Yangzi na vitu walivyoweza kubeba. Lu Yu alikuwa kati ya wakimbizi hao. Popote alipopita alitazama namna wakaaji wanavyochuma chai, udongo unaootesha majani mazuri na chemchemi zenye maji safi. Mwaka wa 760 alijenga kibanda kando ya mto Tiao, karibu na Huzhou, katika jimbo linaloitwa leo Zhejiang. Huko alipata rafiki wa maisha, mtawa na mshairi Jiaoran. Wakati mwingine alitembea peke yake porini, akipiga miti kwa fimbo na kuchezea maji ya mto, kisha akarudi usiku akilia. Watu wa kule walimwona kama mwenda wazimu. Lakini akiwa ameahidi kufika mahali, alifika, hata kama njia ilikuwa ya barafu na yenye wanyama wakali.

Katika miaka ile ya ugenini ndipo alipoandika Chajing, yaani kitabu kikuu cha chai. Kina sehemu tatu na sura 10, na si kirefu: herufi za Kichina kama 7,000. Chai ya wakati huo haikufanana na ya leo. Majani yalichumwa, yakapikwa kwa mvuke ili yabaki na rangi ya kijani, yakatwangwa kwenye kinu, yakafinyangwa kuwa mikate midogo na kukaushwa. Mtu aliyetaka kunywa alichoma mkate huo kidogo karibu na moto, akauacha upoe, akausaga na kuchekecha unga wake.

Kuhusu maji, Lu Yu alisema ya mlimani ndiyo bora, hasa yale yanayotiririka polepole juu ya mawe. Yanayofuata ni ya mto, lakini yachotwe mbali na makao ya watu. Ya mwisho ni ya kisima, na kiwe kisima kinachochotwa kila siku. Kuhusu moto, alitaka makala safi, au kuni ngumu kama hakuna makala. Makala yaliyokwisha kuchomea nyama na kushika harufu ya mafuta aliyakataa, kwa kuwa chai inavuta kila harufu iliyo karibu nayo.

Kisha alifundisha kutazama maji. Yanapoanza kutoa mapovu madogo kama macho ya samaki, na sauti ndogo inasikika, huo ni mchemko wa kwanza: mtu atie chumvi kidogo. Mapovu yanapopanda kwenye kingo kama shanga zilizotungwa, huo ni wa pili: achote upawa mmoja wa maji na kuuweka pembeni, akoroge katikati ya chungu na kumimina unga wa chai. Maji yanaporuka kama mawimbi, huo ni wa tatu: arudishe yale maji ya pembeni ili kutuliza chungu na kuacha povu lijijenge. Yakiendelea kuchemka kupita hapo, yamezeeka na hayafai kunywewa. Chai inywewe ingali moto, na bakuli tatu za kwanza ndizo zenye utamu wenyewe.

Desturi ya watu wengi ilikuwa tofauti. Walichemsha chai pamoja na kitunguu, tangawizi, tende za Kichina, maganda ya machungwa na mnanaa, wakaiacha itokote muda mrefu. Lu Yu hakuwa na huruma kwa pishi hilo. Aliliona kuwa sawa na maji ya mtaro, na alisikitika kwamba watu hawakuliacha.

Kitabu kilienea haraka, na jina lake likafika kwa wakubwa. Hapo akapata aibu ambayo haikusahaulika. Li Jiqing, mjumbe wa mfalme mkuu aliyekuwa akizunguka majimbo ya kusini, alipenda kutazama watu wakipika chai. Kwanza alipikiwa na Chang Boxiong, mtu aliyefuata mafundisho ya Lu Yu mwenyewe, akiwa amevaa nguo ya njano na kofia nzuri, na mjumbe alifurahi. Baadaye akaja Lu Yu na nguo za mtu wa kijijini, akibeba vyombo vyake. Alipika kwa namna ile ile. Li Jiqing alimdharau. Chai ilipokwisha, alimwamuru mtumishi ampe sarafu 30 kama mfanyakazi wa kukodiwa. Inasemekana Lu Yu alirudi na uchungu moyoni, akaandika maneno mengine ya kuishutumu chai.

Hata hivyo hakuiacha. Mwaka wa 773, Yan Zhenqing, mmoja wa waandishi wa herufi wakubwa kabisa wa China, alifika Huzhou akiwa liwali. Alimwita Lu Yu kusaidia kazi ya kamusi kubwa, akajenga kibanda cha mapumziko mlimani, na Lu Yu ndiye aliyekipa jina. Serikali ilimpa vyeo, kimoja cha kufundisha katika nyumba ya mrithi wa mfalme mkuu. Hakuvichukua.

Wachina wana hadithi moja juu yake, ambayo haijulikani kama ilitokea kweli. Wanasimulia kwamba baada ya Lu Yu kuondoka, Zhiji aliacha kunywa chai, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuipika vile. Mfalme mkuu alimwita mtawa na kumpa chai ya mpishi bora wa ikulu. Mzee alionja, akaweka bakuli chini. Kisha Lu Yu akaingizwa kwa siri ndani ya jiko, akapika. Zhiji alikunywa yote, akajua kwamba mtoto wake yuko karibu.

Lu Yu alikufa Huzhou mwaka wa 804. Miaka 11 mbele yake, mwaka wa 793, serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi ya sehemu moja ya kumi juu ya chai: biashara ilikuwa imekua kiasi hicho. Wauza chai walitengeneza sanamu zake ndogo za udongo na kuziweka karibu na moto kama mungu wa kazi yao. Biashara ikienda vizuri, walimwabudu. Ikiwa mbaya, walimmwagia maji ya moto.

Mikate ya chai haikubaki kuwa desturi kuu. Mwaka wa 1391, mfalme mkuu wa kwanza wa ukoo wa Ming alikataza mikate iliyopelekwa ikulu kama kodi, akataka majani yenyewe. Tangu hapo kutia majani ndani ya maji ya moto kukawa desturi ya kawaida, nayo ndiyo inayofuatwa leo majumbani.

Hata hivyo, makosa aliyoyaona Lu Yu yangali yale yale. Chai ya kijani inakuwa chungu hasa kwa sababu maji ni ya moto mno au majani yamekaa ndani muda mrefu. Yafaa maji ya digrii 70 hadi 80, kijiko kidogo kimoja cha majani kwa kikombe, na dakika mbili au tatu tu, kisha majani yaondolewe. Mahali ambapo maji ni lazima yachemshwe kwanza ili yawe salama, yachemke vizuri juu ya mbabula, halafu birika liepuliwe, lifunuliwe na kuachwa dakika chache kabla ya kutia majani. Mbabula yenyewe iwe safi, isiwe ile iliyotoka kuchomea samaki.