Poisson: Msee Aliyededi Kabla FA Iundwe, Lakini Hesabu Yake Bado Inachoma Mkeka Wako

Wikendi umejaza mkeka wa timu saba. Sita zimekubali, ya saba imekuchoma dakika ya 90. Umelaumu kipa, umelaumu refa, umelaumu hata mathee aliyekutuma duka mechi ikiendelea. Lakini kuna buda mmoja alijua mapema vile mambo kama haya hutokea, na wewe humjui. Anaitwa Siméon Denis Poisson. Eeh, kwa Kifaransa hilo jina ni samaki.

Alizaliwa 1781 huko Pithiviers, Ufaransa. Babake, aliyekuwa amewahi kuwa askari, alitaka kijana awe daktari, so akapelekwa Fontainebleau kusomea upasuaji. Noma ni moja: mikono yake haikuwa inatulia. Nani anataka kupasuliwa na msee kama huyo? Akaachana nayo. Kama ushawahi kuacha kozi ambayo mzee aliichagua, unajua vile hiyo stori huwa nzito nyumbani.

Kumbe kichwa ndio ilikuwa moto. 1798, akiwa na miaka 17, aliongoza mtihani wa kuingia École Polytechnique, Paris. Huko akafunzwa na Laplace na Lagrange, majina makubwa kwa hesabu. Akaandika makala zaidi ya 300.

Lakini hata yeye alichomeka. Miaka ya 1818 hivi, Fresnel alisema mwanga husafiri kama mawimbi. Poisson akakataa. Akachukua hesabu ya Fresnel mwenyewe akaonyesha ikiwa ni kweli, basi katikati ya kivuli cha kitu cha duara lazima kuwe na doa la mwanga. Alidhani ni upuzi. Arago akajaribu, na doa likaonekana! Hesabu ya Poisson ilikuwa sawa. Hisia zake ndizo zilimdanganya. Kumbuka hapo, tutarudi.

1837 alitoa kitabu kuhusu uwezekano katika hukumu za mahakama. Ndani mlikuwa na fomula moja: ukiipa wastani wa kitu, inakuambia nafasi ya kitu hicho kutokea mara sufuri, moja, mbili au zaidi. Akafariki 1840, miaka 23 kabla FA ya Uingereza iundwe na kuandika sheria za soka.

1898, Bortkiewicz aliijaribu kwa wanajeshi wa Prussia waliouawa na mateke ya farasi. Ikaingiana fiti. 1982, Maher akaiweka kwa mabao ya ligi ya Uingereza, na hadi leo ni msingi wa njia nyingi za kutabiri magoli.

Inafanyaje? Chukua timu inayofunga wastani wa bao 1.5 kwa mechi. Hakuna mtu hufunga nusu bao, si ndio? Fomula inasema kati ya mechi 100, kama 22 watatoka bila bao, 33 watafunga moja, 25 mawili, 13 matatu, na zilizobaki manne kuendelea. Timu ni ile ile, kocha ni yule yule. Hizo 22 hazijaandikwa tarehe, na moja yaweza kuangukia Jumamosi yako.

Sasa rudi kwa mkeka. Tuseme kila timu yako ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda. Unaona ni za uhakika. Zidisha 0.7 mara saba: zote kukubali ni kama asilimia 8 tu. Mikeka kama hiyo 100, 92 hivi zinachomeka. Kampuni ya kamari inacheza maelfu ya mechi, so wastani uko upande wake. Wewe uko na Jumamosi moja na doh ya rent.

Jina la Poisson limeandikwa kwa mnara wa Eiffel. Lile doa la mwanga lilionyesha kwamba hesabu haijali hisia zako. Usingoje mwisho wa mwezi ndio ujifunze.