Maisha ya Ghiyathuddin Jamshid al-Kashi

Ghiyathuddin alizaliwa Kashan, nchi ya Uajemi, akaishi katika ufukara, wala ufukara haukumzuia kutafuta ilimu. Kisha Amiri Ulugh Beg akamwita Samarkand.

Mwaka 1424 alihesabu mzunguko wa duara kwa nusu ya upana wake. Kwanza alijiwekea mpaka: hata katika duara kubwa kama mbingu, kosa lisifike unene wa unywele wa farasi. Akaandika tarakimu 16 baada ya nukta. Katika hesabu ya kweli ya kumi na sita ni 4, ikifuatwa na 7. Yeye akaandika 5, iliyo karibu zaidi.

Alifariki Ramadhani 832 Hijria (1429), Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi agawaye fungu la 100 kwa warithi watatu, akiwa Mombasa au Dodoma, akapata 33.33, na aijue 0.01 iliyobaki inakokwenda.