Chen Yonghua, liwali aliyevishwa upanga na hadithi

Vijana wapenzi wa picha za Kichina, zile za ngumi na mapanga zitokazo Hong Kong, huenda wakalijua jina la Chen Jinnan. Ndiye mkuu wa Chama cha Mbingu na Ardhi, jamii ya siri iliyokula kiapo kuiangusha dola ya Wamanchu na kuurudisha ufalme wa Ming. Sifa yake ilienea kwa riwaya ya Jin Yong iliyotoka kidogo kidogo katika gazeti la Ming Pao baina ya 1969 na 1972. Humo bwana huyu hana mshindani kwa upanga, na mauti yake ni ya kuchomwa kwa nyuma na mwana wa nyumba ile ile aliyoitumikia.

Leo napenda nimweke kando huyo wa riwaya, nimzungumze aliyemzaa, kwani alikuwako mtu kweli. Jina lake ni Chen Yonghua. Maisha yake yamenishughulisha kuliko hadithi yenyewe, ingawa upanga sikuuona humo.

Alizaliwa mwaka 1634 katika jimbo la Fujian, pwani ya kusini-mashariki ya China, na babake alikuwa mwanachuoni na mwalimu katika mji wa Tong'an. Mwaka 1644 Wamanchu waliingia Beijing, na mwaka uliofuata wakaamrisha kila mwanamume anyoe nywele za mbele na azisuke zilizobaki ziwe mkia mmoja kisogoni. Aliyekataa alikatwa kichwa. Tong'an ilipotekwa 1648, baba alikufa pamoja na mji wake, na mtoto hajatimiza miaka 15. Basi akaiacha njia ya mitihani ya serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa ngazi ya kila msomi wa Kichina, akashika vitabu vya siasa na vita.

Msomi mmoja mkubwa akampeleka kwa Zheng Chenggong, jemadari wa baharini ambaye Wazungu humwita Koxinga. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki kuitetea Ming kwa majahazi na maaskari. Alimpenda kijana huyo, akamfanya mshauri na mwalimu wa mwanawe, Zheng Jing. Mwaka 1661 Koxinga alivuka kwenda Taiwan, akaizingira ngome ya Waholanzi kwa miezi tisa hivi, hata wakasalimu amri Februari 1662. Katika jeshi lake, na jambo hili halisemwi sana, walikuwamo wapiga bunduki weusi, wengi wao watumwa wa zamani wa Waholanzi hao hao, waliojifunza silaha mikononi mwa mabwana zao. Miezi michache baadaye Koxinga akafariki, na Zheng Jing akarithi.

Hapa ndipo kazi ya Chen Yonghua ilipoanza. Wamanchu walikuwa wamewahamisha watu wa pwani kwa nguvu, wakawasukuma bara na kuvichoma vijiji vyao, ili wa baharini wakose chakula na bidhaa. Sisi watu wa pwani twaweza kukisia maana ya kumwondoa mvuvi baharini. Kisiwani nako walikuja maelfu ya maaskari na jamaa zao, na ardhi ilikuwa msitu na nyika. Yeye akawagawia maaskari mashamba walime wenyewe, akahimiza miwa, akawafundisha watu kuchoma matofali na vigae. Chumvi ya kisiwani ilikuwa ya kuchemshwa na ladha yake chungu. Akachimbisha vidimbwi kando ya bahari, sakafu zake zikatandazwa vigae vilivyovunjwa, maji yakaachiwa jua. Wenzetu wakaao karibu na mashamba ya chumvi hawahitaji kuelezwa kazi hiyo. Ama bidhaa za bara, zilipita kwa magendo kupitia Xiamen, na walinzi wa mpakani walifumbwa macho kwa fedha.

Baada ya matumbo kushiba akataka shule. Zheng Jing alisita, akaona nchi ni ndogo na watu ni wachache. Mwalimu wake akamweleza kuwa uchache wa ardhi si hoja, na kwamba watu walioshiba bila kusomeshwa hawana tofauti kubwa na wanyama. Mwaka 1666 hekalu la Confucius lilimalizika katika mji uitwao leo Tainan, la kwanza katika Taiwan, na shule kando yake. Dini yao si yetu, lakini mja aliyekalishwa chuoni na ubao wake tangu udogoni hawezi kumdharau mtu aliyejenga chuo katika mwaka wa dhiki.

Yahadithiwa kuwa Zheng Jing, alipoona waziri wake hana kitu, alimpa jahazi la biashara apate faida. Akalirudisha. Akalimisha shamba, na mavuno akawagawia jamaa na marafiki wenye shida.

Mwaka 1674 Zheng Jing alivuka kwenda bara kuungana na majemadari walioasi, akamwachia yeye kisiwa kizima. Miaka sita alikishika, na chakula na fedha za vita zikatoka kwake. Mwaka 1680 bwana wake akarudi ameshindwa. Pamoja naye akarudi Feng Xifan, mkuu wa walinzi, aliyekuwa na wivu. Feng akamwendea akajifanya amechoka, kwamba yeye ataacha cheo kwa kuwa vitani hakuleta kitu. Chen Yonghua akaona haya kubaki, akaomba kujiuzulu kwanza. Ombi likakubaliwa, askari wake wakapewa jemadari Liu Guoxuan, na Feng akabaki pale pale. Mzee wetu akafa mwaka huo huo, kwa maradhi na majuto.

Wako wamsifuo kwa kuacha cheo bila kinyongo. Mimi hapo simtetei. Bintiye alikuwa ameolewa na Zheng Kezang, mtoto mkubwa wa Zheng Jing, kijana mkali wa haki aliyekwisha kupewa unaibu wa ufalme kwa shauri la mkwewe. Wale askari ndio waliokuwa ngao yake. Zheng Jing alipofariki 1681, Feng na wenzake walidai Kezang si damu ya nyumba ile, wakamuua, na mkewe akajitoa roho. Mahali pake akawekwa Zheng Keshuang, mtoto mdogo, ambaye Feng alikuwa mkwewe.

Na huyo Keshuang ndiye riwaya inayemtwika upanga wa kumchoma Chen Jinnan kwa nyuma. Mwaka aliokufa Chen Yonghua, Keshuang alikuwa na miaka kama kumi. Hata chama chenyewe, hati za serikali ya Wamanchu zaonyesha kilianzishwa Fujian na mtawa mmoja katika miaka ya 1760, yeye akiwa kaburini miaka themanini. Nadhani wanachama walikuwa maskini wa nchi iliyoshindwa, wakatafuta mzazi mwenye heshima wa kumtaja katika kiapo chao cha damu na mvinyo, na watu wakaja kumwona yeye katika jina hilo.

Kisiwa kilitekwa 1683. Keshuang alinyoa nywele za mbele akapelekwa Beijing. Shule waliikuta imesimama, nao wakaifanya shule ya serikali yao.