Sheffield Neave: Mtu aliyeijua thamani ya jina

Kahawa chungu inayomiminwa katika vikombe vidogo barazani Mombasa, Lamu na Unguja, kila mnywaji anaijua ladha yake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba karibu miaka mia moja iliyopita mibuni ya Thika na Ruiru ilikuwa mashakani kwa sababu ya mdudu mmoja mdogo, na kwamba mashaka hayo yalirefuka miaka mingi kwa kuwa wataalamu walikuwa wamemwita mdudu huyo kwa jina lisilo lake. Leo tutatazama maisha ya Mwingereza Sheffield Airey Neave, ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliimaliza katika kazi ya majina ya viumbe. Ndugu msomaji, fuatana nasi upate kuona jinsi jina lililowekwa mahali pake linavyoweza kuokoa shamba, na hata macho ya watu.

Neave alizaliwa mwaka 1879 katika ukoo wa matajiri wa Uingereza, ambao miongoni mwa wazee wake walikuwamo magavana wa Benki ya Uingereza. Alisoma katika shule ya Eton, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, na baadaye akasomea udaktari. Kijana wa namna hiyo angeweza kustarehe kwao, lakini yeye alipenda mno wadudu, na mapenzi hayo yakamleta Afrika.

Mwaka 1904 alifuatana na wapimaji wa ardhi katika nchi ambayo sasa ni Zambia, kazi yake ikiwa kukusanya wanyama na wadudu. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1908 alikuwa Katanga, katika tume iliyochunguza ugonjwa wa malale. Zama hizo malale ilikuwa imekwisha kuua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Viktoria na Mto Kongo, na ilikwisha julikana kuwa ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Lakini mbung'o ni wa aina nyingi, na si kila aina hueneza malale kwa njia moja. Hapo Neave alijifunza somo ambalo hakulisahau maisha yake yote, nalo ni kwamba asiyeweza kutofautisha nzi na nzi hawezi kupigana na ugonjwa.

Baadaye aliajiriwa na kamati iliyoundwa London mwaka 1909 kwa ajili ya uchunguzi wa wadudu wa Afrika. Alizunguka katika nchi ambazo sasa ni Malawi na Msumbiji, na mwaka 1911 akapita Kenya na Uganda. Safari hizo zilikuwa za miguu, na masanduku ya wadudu yalichukuliwa na wapagazi. Ni haki kusema hapa kwamba vibandiko vya karatasi vilivyowekwa chini ya wadudu wale vina jina la Neave peke yake. Majina ya wapagazi, na ya wenyeji waliomwonyesha mito na misitu, hayakuandikwa humo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya enzi za ukoloni: nzi alipata jina, lakini Mwafrika aliyesaidia kumnasa hakutajwa.

Mwaka 1913 kamati ile iligeuzwa kuwa ofisi ya kudumu, na Neave akawa naibu wa mkurugenzi wake. Wadudu kutoka makoloni yote ya Kiingereza walipelekwa London ili watambuliwe. Watu wengi wanaweza kuiona kazi hiyo kuwa mchezo wa wasomi waliokosa la kufanya. Kisa cha Thika kinaonyesha kwamba sivyo.

Mnamo mwaka 1923, katika mashamba ya upande wa Thika, alionekana kidung'ata, mdudu mlaini ambaye mwili wake umefunikwa na kitu cheupe kama unga. Kidung'ata hujibandika kwenye vichipukizi na vishada vya buni akafyonza maji ya mti. Hutoa utamu kama asali, na utamu huo huwaita sisimizi, ambao humlinda kama wachungaji walindavyo ng'ombe wao. Utamu unaosalia juu ya majani huota ukungu mweusi, na mti hudhoofika. Kutoka Thika balaa hilo likaenea Ruiru, Kiambu na sehemu nyingine za nyanda za juu. Wala halikuishia kwenye kahawa ya walowezi. Liliingia pia katika mashamba ya chakula ya Wakikuyu.

Wenye mashamba walianza kupaka mashina ya mibuni grisi ya kunata ili sisimizi wasipande. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama, tena haikuisha. Wataalamu wakaona kwamba dawa ya kweli ni kumtafuta adui wa kidung'ata katika nchi ya asili yake, kwa maana mdudu akihamia ugenini bila maadui zake huzaana bila kizuizi. Swali likawa, nchi ya asili yake ni ipi? Jibu lilitegemea jina.

Kwanza alidhaniwa kuwa ni kidung'ata wa michungwa na milimau, anayejulikana katika nchi nyingi. Kisha akadhaniwa kuwa ni ndugu yake wa Asia. Kila jina lilikuwa na safari yake. Wadudu maadui waliletwa kutoka ng'ambo kwa meli, wakazalishwa kwa uangalifu na kufunguliwa mashambani, lakini hawakufaa kitu. Katika maadui hao walikuwamo nyigu wadogo mno, wadogo kuliko sisimizi, ambao hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, na buu akitoka humla mwenyeji wake kutoka ndani. Nyigu hao huchagua sana. Walipowekwa mbele ya kidung'ata wa Thika hawakumpokea. Mdudu asiyejua kusoma alikuwa amekwisha tambua kwamba huyu siye, hali wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Ukweli ulipatikana chini ya hadubini. Vidung'ata hufanana mno kwa macho matupu. Ili kuwatofautisha, mtaalamu huwaondolea ule unga, akawalaza juu ya kioo, na kuhesabu vinyweleo, vitundu na vijifereji vya ngozi vinavyotoa nta. Mwaka 1935 Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa Idara ya Kilimo ya Kenya, alitangaza kwamba kidung'ata wa Kenya ni aina mpya iliyokuwa haijapewa jina, akamwita kenyae. Hata hivyo, juu ya jina hilo la Kenya, ilidhihirika kwamba asili ya mdudu ilikuwa jirani, Uganda na pande za kaskazini-magharibi ya Tanganyika. Dawa iliyotafutwa mpaka Asia ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu!

Mwaka 1938 nyigu kutoka Uganda walifunguliwa katika mashamba ya Kenya. Wakashika, wakazaana, na kidung'ata akapungua mwaka hata mwaka. Kufikia mwaka 1959 ilikadiriwa kwamba kazi hiyo, ambayo haikugharimu zaidi ya pauni 30,000, ilikuwa imeokoa mali ya pauni milioni 10. Leo Ruiru inajulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kahawa na kwa mbuni wa Ruiru 11 uliotolewa mwaka 1985. Lakini kabla ya hayo yote, mibuni ya pande hizo iliokolewa na nyigu wa Uganda, na nyigu hao hawakupatikana mpaka jina liliposahihishwa.

Wakati huo Neave alikuwa London katika kazi kubwa kuliko zote alizopata kuzifanya. Kwa kanuni ya wanasayansi, koo mbili za wanyama haziwezi kuwa na jina moja. Lakini nani angeweza kujua ni majina gani yamekwisha tumika, ikiwa yametawanyika katika vitabu na majarida ya lugha nyingi tangu mwaka 1758, ambao ndio mwanzo wa hesabu ya majina ya wanyama? Neave alikusanya yote mpaka mwisho wa mwaka 1935, akayapanga kwa alfabeti, na kila jina akaliandikia mwenyewe aliyelitoa, mwaka wake na kitabu chake. Juzuu 4 za kitabu hicho, Nomenclator Zoologicus, zilitoka mwaka 1939 na 1940, na ya tano ikafuata mwaka 1950. Wengine waliiendeleza kazi baada yake, na majina yakafikia kama 340,000.

Humo wamo simba na nyangumi, na wamo pia viumbe ambao mvuvi wa pwani huwaona bila kuwajali. Kuna kamba na duvi ambao shavu moja huonekana limevimba. Ukilifungua, mahali pa matamvua utamkuta mdudu wa bahari, bapa na aliyepindika upande, akinyonya damu ya mwenyeji wake. Huyo ni jike. Dume lake ni dogo sana, nalo hung'ang'ania tumboni mwa jike. Hata wale kamba wachimbao mashimo katika matope ya bahari, wakadhani wamejificha, wana wapangaji wa jamii hiyo. Zamani wavuvi wa Ufaransa walishikilia kwamba wadudu hao ni watoto wa gayogayo, kwa kuwa nao ni bapa na wamekaa kiupande, na mpaka kuna msomi aliyeandika hivyo. Mwaka 1772 Fougeroux de Bondaroy aliwachunguza, akaonyesha kwamba viungo vyao si vya samaki hata kidogo. Mwaka 1802 Latreille akaupa ukoo huo jina la Bopyrus, na jina hilo limo katika kitabu cha Neave pamoja na jamaa zake wengi.

Kitabu kile kilitoka katika siku za vita na msiba wa nyumbani. Mwanawe Neave, Airey, aliyekuwa askari, alijeruhiwa na kutekwa na Wajerumani huko Calais mwezi Mei mwaka 1940. Januari 1942 kijana huyo alitoroka kutoka ngome ya Colditz akafika Uswisi, na sifa zake zikaenea. Mwaka huohuo wa 1942 baba alipandishwa kuwa mkurugenzi wa taasisi ya wadudu, kazi aliyoishika mpaka 1946, na akawa pia katibu wa Chama cha Zuolojia cha London mpaka 1952. Airey baadaye aliingia Bunge, na tarehe 30 Machi 1979 aliuawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake huko London. Kwa hiyo watu wengi wakisikia jina la Neave humkumbuka mwana, wala hawamjui baba.

Huku Afrika Mashariki, hata hivyo, jina la baba lilikuwa limebandikwa kwa usubi, yule nzi mdogo mweusi wa mitoni. Mwaka 1915 Mfaransa Roubaud alimpa usubi mmoja jina la Simulium neavei, kwa heshima ya Neave. Usubi huyo hueneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Akimuuma mtu humwachia minyoo ambayo watoto wake hutembea chini ya ngozi, huwasha usiku na mchana, na hatimaye huingia machoni. Katika mabonde ya magharibi ya Kenya walikuwako waliopofuka kwa ugonjwa huo.

Mabuu ya usubi wa aina nyingine hukaa juu ya mawe na majani ndani ya mito iendayo kasi. Mabuu ya neavei yalitafutwa huko miaka mingi yasipatikane. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wameyagundua juu ya mwili wa kaa wa mtoni! Buu hujitilia gundi ya hariri kwenye gamba la kaa, akajishika kwa duara la kulabu lililo mwishoni mwa mwili wake, na kwa vipepeo viwili vya kinywani akachuja chakula kinachopita majini. Yeye si kama yule wa shavu la kamba, kwani hamnyonyi mwenyeji wake. Ni abiria asiyelipa nauli. Kaa akijificha chini ya jiwe, naye amejificha, na ndiyo maana hakuna aliyemwona.

Tangu mwaka 1946 McMahon na wenzake walikuwa wameanza kumwaga dawa ya DDT mtoni, na walifaulu katika bonde la Kodera. Baada ya siri ya kaa kufichuka, wakawa na njia ya kuhakiki kazi yao: walikamata kaa wa kila mto na kuwatazama kama bado wana mabuu. Katikati ya miaka ya 1950 usubi huyo alikuwa amekwisha futika katika nchi ya Kenya.

Neave alifariki mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuzoea kusifiwa na umati, wala hakuna sanamu yake Thika au Ruiru. Alikuwa mtumishi wa dola iliyotutawala, na hilo halifichiki. Lakini kazi ya majina si ya dola wala ya taifa moja. Sisi tunaosimuliwa tangu chuoni kwamba Nabii Adamu, kabla ya kushuka duniani, alifundishwa majina ya vitu vyote, hatuna budi kuiona kazi hiyo kuwa ni ya heshima. Wazee wetu wavuvi nao walikuwa na jina kwa kila samaki wa mwambani, na kwa jina walijua yupi wa kuliwa na yupi wa kuogopwa. Majina hayo mengi yanapotea kila mzee mmoja anapozikwa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na adharauye jina la mdudu aende Thika akaulize habari za kidung'ata.