Mtakatifu Patrick, Mtumwa Aliyewarudia Mabwana Wake

Kila mwaka, tarehe 17 ya mwezi wa tatu, Waayalandi hufanya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa nchi yao. Ayalandi ni kisiwa cha Ulaya, upande wa magharibi wa Uingereza. Ndiyo nchi ambayo askari wake walikuja Kongo mwaka 1960, pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa.

Sikukuu hiyo haifanywi katika kisiwa chao peke yake. Waayalandi wametawanyika duniani kote, na popote wanapoishi ugenini hukusanyika siku hiyo. Hata huko Asia, katika mji wa Pattaya ulio pwani ya nchi ya Thailand, ambako wenyeji wengi ni wa dini ya Buddha, wageni wa Ayalandi na wa nchi nyingine wameandamana katika barabara ya kando ya bahari, wamevaa nguo za rangi ya majani mabichi. Baada ya maandamano huimba na kunywa bia mpaka usiku. Mwenyeji anayewatazama aweza kuuliza ni nani huyo anayepewa heshima kubwa hivyo mbali na kwao. Swali hilo lafaa kujibiwa vizuri, maana hata wengi miongoni mwa wanaosherehekea wamesahau jibu lake.

1. Kijana asiyejali

Jambo la kwanza la kushika ni hili: Patrick hakuwa Mwayalandi. Aliishi katika karne ya 5, na alizaliwa katika kisiwa cha jirani kiitwacho Britania, siku zile utawala wa Waroma ulipokuwa ukifikia mwisho wake huko. Baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi. Babu yake, Potitus, alikuwa padri, kwa kuwa zamani zile watu wenye ndoa waliweza kupewa daraja takatifu. Nyumba yao ilikuwa na shamba, na watumishi wa kiume na wa kike.

Basi Patrick alizaliwa kati ya Wakristu. Lakini imani ilikuwa katika jina lake tu, haikuwa moyoni. Mapadri walionya, naye hakusikiliza. Baadaye, alipokuwa mzee, aliandika maisha yake kwa lugha ya Kilatini, akaungama wazi kwamba wakati ule hakumjua Mungu wa kweli.

Alipokaribia umri wa miaka 16, wanyang'anyi kutoka Ayalandi walivuka bahari wakashambulia nchi yao. Wakamkamata pamoja na watu maelfu, wakawatia katika mashua, wakawapeleka utumwani.

2. Miaka sita ya utumwa

Huko Ayalandi mwana wa shemasi akafanywa mchungaji wa kondoo. Aliyekuwa na watumishi akawa yeye mwenyewe mtumishi. Hakujua lugha ya watu wale, hakuwa na ndugu wala rafiki. Alilala msituni na mlimani, katika baridi, mvua na theluji.

Hapo ndipo moyo wake ulipofunguka. Sala alizozidharau nyumbani kwa baba yake zikamrudia. Akaanza kusali mchana akichunga, na usiku akiamka kabla ya mapambazuko. Yeye mwenyewe asema kwamba kwa siku moja alisali mara mia, na usiku karibu vilevile. Mungu aliyemkimbia alipokuwa na raha, akamkuta alipokuwa hana kitu.

Miaka sita ikapita. Usiku mmoja, katika usingizi, akasikia sauti ikimwambia kwamba atarudi kwao, na kwamba meli iko tayari. Meli ile ilikuwa mbali, mwendo wa kilometa kama 300, na Patrick hakuwa amefika kamwe upande ule. Akaondoka akaenda peke yake. Alipofika pwani, nahodha alimkataa kwa ukali. Patrick akageuka kurudi kibandani alikofikia, akisali njiani. Kabla hajamaliza sala, mabaharia wakamwita wakampokea.

Wakasafiri baharini siku tatu, kisha wakatembea siku 28 katika nchi isiyo na watu. Chakula kikawaishia. Nahodha, ambaye hakuwa Mkristu, akamuuliza Patrick kwa nini Mungu wake, aliye mkuu hivyo, haombwi awaokoe. Patrick akawaambia wamgeukie Mungu kwa moyo wote, maana kwake hakuna upungufu. Siku ileile kundi la nguruwe likatokea njiani mbele yao, wakala wakashiba.

3. Mwito

Baada ya miaka kadhaa Patrick alikuwa tena Britania kwa wazazi wake. Walimpokea kwa machozi ya furaha, wakamsihi asiwaache tena kamwe, baada ya mateso yote aliyoyapata. Nani asingekubali? Mtu aliyeponyoka utumwani hatamani kuiona tena njia aliyopelekwa nayo.

Lakini usiku mmoja aliona katika ndoto mtu aitwaye Victoricus, amekuja kutoka Ayalandi na barua nyingi. Akampa mojawapo. Patrick alipoanza kuisoma alisikia sauti za watu wanaokaa karibu na msitu wa Foclut, kando ya bahari ya magharibi. Walikuwa wakimwomba kwa sauti moja aje atembee tena kati yao. Moyo wake ukachomwa, asiweze kusoma zaidi, akaamka.

Tazameni waliomwita. Hawakuwa jamaa zake, wala marafiki zake. Walikuwa watu wa kabila lile lile lililomwiba. Patrick angeweza kulipa kisasi kwa kuwanyima Injili. Hakufanya hivyo. Alichagua kuwaletea waliomfunga uhuru wa wana wa Mungu.

Njia haikuwa fupi. Utumwa ulikuwa umekata masomo yake, na kwa sababu hiyo Kilatini chake kilibaki kibovu maisha yake yote. Aliona haya kuandika mbele ya wenye elimu, lakini hata hivyo aliandika. Akapewa daraja ya shemasi, na mwishowe akawa askofu. Tena palikuwa na wakubwa waliompinga. Zamani, kabla hajawa shemasi, alikuwa amemwambia rafiki yake mpendwa dhambi moja aliyoitenda akiwa kijana wa miaka kama 15. Baada ya miaka 30 dhambi ile ikafichuliwa ili kumwangusha. Patrick aliumia sana, hasa kwa ajili ya rafiki yule, lakini hakuacha kazi ya Mungu.

4. Kazi yake Ayalandi

Mwaka 431 Papa Celestine alikuwa amemtuma Askofu Palladius kwa waamini wachache waliokuwapo Ayalandi. Mapokeo yasema kwamba Patrick alifika mwaka 432. Yeye alikwenda mpaka mwisho wa nchi, mahali ambapo hajafika mtu wa kubatiza.

Ayalandi haikuwa na mfalme mmoja wala miji. Kila ukoo ulikuwa na mfalme wake mdogo. Patrick alijua desturi zao tangu utumwa wake, pamoja na lugha yao. Aliwapa wafalme zawadi ili wamruhusu kupita, na wana wao walisafiri pamoja naye. Hata hivyo alikamatwa, akafungwa minyororo siku 14, akanyang'anywa vitu vyake, naye alitazamia kila siku kuuawa au kufanywa mtumwa tena.

Aliwabatiza watu maelfu, akawawekea mapadri katika kila upande. Hakupokea malipo. Wanawake Wakristu walipoweka mapambo yao juu ya altare kama zawadi kwake, aliwarudishia, ingawa walikasirika; maana hakutaka mtu aweze kusema kwamba anauza ubatizo. Wana na binti za wafalme walijitoa kwa Mungu katika utawa. Tena Patrick hakuwasahau mabinti watumwa: aliandika kwamba ndio walioteswa kupita wote, wakitishwa na mabwana zao, na bado walisimama imara.

5. Waliobatizwa jana

Jambo moja lilimtia Patrick uchungu kuliko minyororo. Kundi la wakatekumeni lilikuwa limepokea ubatizo. Kesho yake tu, wakiwa bado na nguo zao nyeupe, mafuta ya krisma yaking'aa katika paji la uso, askari wa Coroticus, mtawala mmoja wa Britania, waliwavamia. Wengine waliuawa kwa upanga, wengine walichukuliwa kuuzwa. Na Coroticus huyo alijiita Mkristu!

Patrick akatuma padri, ambaye alimfundisha tangu utoto, pamoja na barua ya kuomba mateka warudishwe. Askari wakacheka. Hapo askofu akaandika barua ya pili, isomwe mbele ya watu wote na mbele ya Coroticus mwenyewe. Akawakataza waamini kula au kunywa pamoja na watu wale, wala kupokea sadaka zao, mpaka watubu kwa machozi na kuwaachilia huru watumishi wa Mungu. Barua hiyo ipo hata leo. Ndani yake mtu aliyekuwa mtumwa anawatetea watumwa, na mzaliwa wa Britania anasimama upande wa Waayalandi dhidi ya watu wa nchi yake. Aliwaita wale waliouzwa watoto wake, akawalilia.

6. Yanayosimuliwa juu yake

Husimuliwa kwamba Patrick alifundisha Utatu Mtakatifu kwa kuonyesha jani dogo lenye sehemu tatu juu ya shina moja. Ndiyo sababu Waayalandi huvaa jani hilo siku ya sikukuu. Habari hiyo iliandikwa katika karne ya 18 tu, lakini mfano wenyewe ni mzuri. Husimuliwa pia kwamba aliwafukuza nyoka wote wa Ayalandi. Kweli nyoka hawapo huko, lakini wataalamu wameonyesha kwamba hawajakuwapo tangu wakati wa barafu kuu, miaka maelfu kabla ya Patrick. Mkristu hana haja ya muujiza wa nyoka. Kumsamehe aliyekuuza ni ajabu iliyo kubwa zaidi.

7. Sikukuu yake na wajibu wake

Mapokeo yasema kwamba Patrick alifariki tarehe 17 ya mwezi wa tatu, katika nchi ya ugeni wake, akiwa amekwisha kuifanya kuwa kwao. Katika karne ya 17 Padri Luke Wadding, Mfransisko wa Ayalandi aliyeishi Roma, alifanya bidii sikukuu hiyo iingizwe katika kalenda ya Ekleziya nzima.

Baadaye Waayalandi wenyewe walionja ugeni. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi, chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja walipanda meli wakahama. Wengi walidharauliwa huko walikofika. Katika ugeni huo sikukuu ya Patrick iliwakumbusha kwamba wana nchi na wana imani. Huko New York walikuwa wakiandamana siku hiyo tangu mwaka 1762. Tarehe 17 ya mwezi wa tatu, mwaka 1932, likaanzishwa Ayalandi shirika la mapadri la Mtakatifu Patrick, ambalo lilituma wamisionari Nigeria, Kenya na penginepo.

Basi hata Pattaya si ajabu kuiona sikukuu hii. Mji ule ulikuwa kijiji cha wavuvi. Tangu miaka ya 1960 umejaa wageni wanaotafuta starehe. Lakini katika mji uleule, katika miaka ya 1970, mgeni mwingine, Padri Raymond Brennan, Mwamerika wa shirika la Waredentoristi, alianza kuwalea watoto waliotupwa, akakaa nao mpaka alipokufa mwaka 2003. Wale waandamanao na padri yule wote walikuwa wageni pwani ile. Afuataye njia ya Patrick ni yule anayewapenda wenyeji wa mahali alipo, hasa walio wadogo.

Wakatekumeni wapenzi, sikukuu hii huangukia daima katika Kwaresima, wakati wengi wenu mnapojitayarisha kubatizwa usiku wa Pasaka. Kufurahi siku ya sikukuu si kosa. Lakini sikukuu ya mtakatifu iliyobaki ngoma na pombe tu ni ganda lisilo na punje. Mkimkumbuka Patrick, jiulizeni kila mmoja: ni nani aliyenitenda vibaya, ambaye sitaki kumwona katika benchi moja nami kanisani? Nendeni kwake kabla ya kuvaa nguo nyeupe. Na yule mgeni aliyekuja kukaa kijijini kwenu, asiyejua lugha yenu, msimcheke. Patrick alikuwa kama yeye.

Mtakatifu Patrick, utuombee.