William Cowper: Aliwafariji Wengine Naye Hana Faraja

Tuimbapo tenzi kanisani ni mara chache tunajiuliza waliozitunga waliishije. Mwezi huu na tumtazame William Cowper, mshairi wa Kiingereza.

Alizaliwa mwaka 1731 huko Berkhamsted, Uingereza, mwana wa kasisi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita tu. Alipokua alisomea sheria. Mwaka 1763 alitakiwa kufanyiwa mtihani ili apewe ukarani katika Bunge la Malodi, na hofu ikamshinda hata akajaribu kujiua. Alipelekwa St Albans kwa Daktari Nathaniel Cotton, aliyewatunza wagonjwa wa akili kwa upole. Huko, akisoma Biblia, alipata amani.

Baadaye alikaa na jamaa ya Unwin. Mzee Unwin alipofariki mwaka 1767, Cowper na Bibi Mary Unwin walihamia Olney, kwa kasisi John Newton, aliyepata kuwa nahodha wa meli za watumwa. Marafiki hawa wawili walitoa kitabu cha tenzi mwaka 1779, na zaidi ya tenzi 60 humo ni za Cowper.

Lakini mwaka 1773 ugonjwa ulimrudia. Aliota kwamba Mungu amemkataa kabisa, na tangu hapo hakwenda tena kusali kanisani. Aliamini kwamba majaliwa yake yamekwisha kuandikwa.

Hapa tusimame kidogo, tufikiri. Mtu asiyetazamia thawabu yo yote, atende wema kwa ajili ya nini? Cowper aliendelea kuutenda. Alifuga sungura, akatunza bustani, akaandika. Shairi lake refu, The Task, la mwaka 1785, lilianza kwa mzaha, rafiki yake alipomwambia atunge juu ya kochi; lakini ndani yake aliulaani utumwa waziwazi. Mwaka 1788 alitunga mashairi ya kumtetea Mwafrika aliyeuzwa, nayo yakaenezwa na watu waliopigania kukomeshwa kwa biashara ile. Bibi Unwin alipopooza, Cowper alimwuguza, ingawa mwenyewe alikuwa dhaifu. Bibi huyo alifariki mwaka 1796. Mwaka 1799 Cowper alitunga shairi la baharia aliyeanguka baharini akazama, akijifananisha naye. Alifariki East Dereham tarehe 25 Aprili 1800.

Ndugu, twajifunza nini? Kwamba moyo wa mtu waweza kumdanganya. Cowper alijiona ametupwa, kumbe tenzi zake zilikuwa zikiwainua maelfu. Wema wake haukuwa biashara na Mungu, ulikuwa tunda la upendo.

Tena tumkumbuke Newton. Rafiki yake alipougua, alimweka nyumbani kwake zaidi ya mwaka mzima, bila kumlaumu kwamba hana imani. Katika mitaa yetu wamo waliolemewa na huzuni hata hawaji ibadani. Tusiwanong'one. Twende tukawabishie hodi.